Kura ya namba inaweza kutufaa?

SWALI: Mhariri, mdogo wangu anayesoma Scotland amenieleza kwamba huko mpiga kura wa udiwani haweki alama ya vema kwa mgombea mmoja, bali huwapanga wagombea kwa namba, na kata moja hutoa madiwani kadhaa. Je, utaratibu huo unaweza kutufaa sisi, ambao diwani hushinda hata kwa kura pungufu ya nusu?
Msomaji, Masasi

JIBU: Ndugu msomaji, alichokueleza mdogo wako ni kweli. Scotland iliupitisha utaratibu huo kwa sheria ya mwaka 2004 na kuutumia kwa mara ya kwanza mwaka 2007, kata zikiwa na madiwani watatu au wanne. Kata ya nafasi 3 ikipata kura halali 4,000, mgombea anahitaji kura 1,001 ili ashinde, kwani ni watatu tu wanaoweza kufikisha idadi hiyo. Ziada ya aliyevuka kiwango hicho, pamoja na kura za aliyeshika mkia, huhamia kwa wanaofuata katika mpangilio wa mpiga kura.

Naupenda utaratibu huu kwa sababu mkulima wa korosho ambaye diwani mmoja hamsikilizi atakuwa na mwingine wa kumwendea, pengine wa chama tofauti, ndani ya kata ileile.

Hata hivyo, ugumu mkubwa kwetu uko kwenye kuhesabu. Hapa Tanzania kura huhesabiwa kituoni mbele ya mawakala na matokeo hubandikwa palepale, ilhali kura za namba lazima zikusanywe mahali pamoja kabla ya kuhamishwa, na Scotland hutumia mashine kwa kazi hiyo. Kuyaondoa masanduku kituoni kabla ya wananchi kuona hesabu yoyote kungeua imani yao, nami nisingekubali. Kwa hiyo namba 1 zote zihesabiwe kituoni, zibandikwe, mawakala wapewe nakala, ndipo karatasi zipelekwe makao ya kata kwa hatua zinazofuata.

Jambo jingine ni umbali. Kuunganisha kata tatu za Liwale, ambako vijiji vimetawanyika, kungemweka diwani mbali mno na watu wake, lakini kata za Manispaa ya Mtwara-Mikindani ziko jirani. Bunge likikubali kubadili sheria, ningeshauri majaribio yaanzie huko, baada ya wapiga kura kufundishwa kuandika namba kwenye karatasi za mfano, zenye picha za wagombea na nembo za vyama kama walivyozoea.