Rafadha ya mbao ya babu: anza na kitovu

Ndugu yangu, umeuliza kama rafadha ya mbao yenye mapanga manne, iliyokaa miaka mingi stoo kwa babu yako Taveta, kweli ni ya Vita Kuu ya Kwanza. Inawezekana. Mwaka 1916 ndege za Waingereza aina ya BE2c ziliruka kutoka Mbuyuni, si mbali na hapo kwenu, na injini yake, RAF 1a ya nguvu-farasi 90, kwa kawaida ilifungwa rafadha ya mapanga manne.

Nakusihi sana, usiipige msasa wala vanishi! Ushahidi wote uko kwenye ngozi ya ile mbao. Ingia chumba chenye giza, mulika kitovu, yaani sehemu ya katikati mapanga yanapokutana, kwa tochi kutoka ubavuni, na herufi zilizofifia zitatoa kivuli. Tafuta namba ya mchoro, jina la injini, kisha D na P. D ni kipenyo, mara nyingi kwa milimita; P ni umbali ambao rafadha ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja. Pima ncha hadi ncha uone kama kipimo kinalingana na D.

Mbao iwe ya tabaka zilizogundishwa. Gogo moja lililochongwa ningelitilia shaka kubwa. Iliyowahi kufungwa kwenye injini huwa na alama ya duara pale sahani ya chuma ilipoibana, na weusi wa mafuta ndani ya matundu ya boliti. Ukiona herufi zimekata vanishi na mbao ya ndani bado ni nyeupe, zimegongwa juzi.

Weka picha ya kitovu, pande zote mbili.