Shamba ni ya mutu binafsi, tunaweza kuwinda kulungu na bunduki yoyote?

Swali: Jambo Metre, wewe mwanasheria. Niko hapa Bukavu. Shemeji yangu anaishi England, rafiki yake iko na ferme kule Devon na kulungu wanamuharibia mazao, wamenialika tuwinde mwezi wa 11. Mimi sina permi ya silaha. Juu ni shamba ya mutu binafsi, bunduki yoyote inafaa?

Jibu: Hapana ndugu yangu, na tafazali usipande ndege na hayo mawazo. Huku kwetu Kongo udongo ni wa Serikali, sheria ya 1973 inasema hivyo, mutu anapewa konsesio tu, basi naelewa vile unawaza kwamba kule mwenye shamba njo anaamua yote. Anaamua nani aingie awinde, lakini bunduki inaamuliwa na sheria ya kulungu ya 1991 ya England na Wales (Scotland wako na yao).

Karabini, tundu la mtutu wake lisikuwe chini ya inchi 0.240, karibu milimita 6.1, na nguvu ya risasi pale inatoka kwa mtutu isipunguke juli 2,305, na risasi iwe ya ncha laini ao ya ncha yenye tundu. Wale wadogo, muntjac na kulungu wa maji wa China, wanakubali karabini ya inchi .22 yenye nguvu, lakini ile .22 ya kupigia sungura hapana kabisa, ya upepo pia hapana. Na mimi naunga mkono hii sheria, juu risasi zaifu haiue, mnyama anakimbia na kidonda tumboni anaenda kufia porini kesho yake. Kalibre 12, bunduki ya marisau, mkulima anaweza kuitumia kwa kulinda mazao yake lakini masharti ni makali, wewe mgeni umuachie mwenyewe.

Kwa permi: kifungu 11A cha sheria ya silaha ya 1968 ya kule kinakuruhusu kuazima karabini kwa shamba ya mutu binafsi kama umefikisha miaka 17, na mwenye kukuazima awe na permi, tena awe pale pamoja na wewe. Hapa njo muangalie sana! Kama karabini ni ya shemeji na shamba ni ya rafiki, rafiki lazima amuandikie shemeji ruhusa ya kukuazimisha, ya mdomo haitoshi. Na utafuata masharti yaliyo kwa permi ya shemeji, basi akutumie picha yake kwa WhatsApp mbele ya kununua tiketi.

Tena mwezi wa 11 kuwinda dume la roe (aina ya kulungu) kumefungwa, kuanzia tarehe 1 mpaka mwisho wa mwezi wa 3, na usiku hamuwinde: ikipita saa moja nzima kisha jua kuzama, mnaweka bunduki chini.