Herufi moja kati ya Voi na Mtwara

"Mwalimu, hapa kuna watu wawili."

Dada wa dirishani alikuwa ameweka cheti changu cha kidato cha nne juu ya kile cha digrii, kidole chake kimetua kwenye jina la baba. Kimoja kilikuwa na 'w', kingine hakina. Nilifundisha hisabati Kenya miaka saba, nikiwa na namba ya TSC, Tume ya Huduma ya Walimu ya kule, na kila kitu, na hakuna aliyewahi kuiona hiyo 'w'. Mimi mwenyewe sikuwahi kuiona.

Basi wewe uliyeniandikia ukiwa Nakuru, unayetaka kuja kufundisha huku kusini mwa Tanzania, anzia hapo. Tandaza mezani pasipoti, cheti cha kuzaliwa, KCSE (cheti chetu cha kidato cha nne), digrii na karatasi za TSC, kisha soma jina lako herufi kwa herufi, kama mtoto wa darasa la kwanza. Likipishana, limalize ukiwa bado nyumbani. Mimi nilipanda basi kutoka Mtwara hadi Dar, nikaenda Moshi, nikavukia Holili kuingia Taveta, mpaka Voi, kuapa mbele ya hakimu kwamba mimi na mimi ni mtu mmoja. Wakati narudi ilikuwa Mei 2024, kimbunga Hidaya kimepita na barabara imekatika Somanga. Nilikaa Mbagala kwa watu, kiapo kimo kwenye mfuko wa nailoni, nasikiliza makondakta wakisema "kesho labda".

Jambo la pili linawachanganya wengi: hakuna ofisi moja inayokufanya uwe mwalimu hapa. Vyeti vya sekondari na vya vyuo vya ualimu vilivyotolewa nje hulinganishwa na Baraza la Mitihani, NECTA. Shahada inakwenda TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, na hiyo unaiombea kwenye mtandao wao hata ukiwa kitandani kwako. Usishangae kuulizwa mbona huna kidato cha sita. Sisi wa 8-4-4, yaani miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu, hatukukipitia, na daraja zetu za A mpaka E zenye kujumlisha na kutoa hazifanani na za kwao za A mpaka F. Kazi ya ulinganifu ni hiyo hasa, kwa hiyo omba mapema, kabla hata hujatafuta shule.

Baada ya hapo kuna ruhusa ya kusimama darasani. Sheria ya Elimu ya 1978 inataka anayefundisha awe amesajiliwa au ana leseni, na mwaka 2018 ikapitishwa sheria nyingine iliyounda Bodi ya Kitaalamu ya Walimu. Mwajiri wako anatakiwa kulijua hili. Muulize kwenye usaili kabisa, na akianza kujiumauma, jua ni shule ya namna gani.

Halafu vibali. Watu wetu wanadhani Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, lililoanza Julai 2010, lilifuta mambo haya. Halikufuta. Kibali cha kazi hutoka kwa Kamishna wa Kazi na anayekiomba ni mwajiri, kisha kuna cha ukaazi daraja B cha Uhamiaji. Cha kazi ni cha miezi 24, unahuisha, na jumla yake ina kikomo.

Sasa nikwambie kilichoniuma. Mwenye shule ya kwanza, simtaji, aliniambia, "Njoo uanze tu dada yangu, vibali vitakukuta humu humu." Nilikataa. Nikakaa Chuno zaidi ya miezi miwili nakula akiba, asubuhi chai na mihogo, mchana mihogo. Majirani wakadhani nimekuja kununua korosho. Yule bwana akachoka kunisubiri, akaacha kupokea simu. Shule ya pili ndiyo iliyofuata utaratibu. Bado naona nilifanya sawa, maana siku ya ukaguzi anayekutwa na chaki mkononi ni wewe, mwenye shule yuko zake Dar.

Na ulimi, jamani. Kufundisha ni kwa Kiingereza kuanzia kidato cha kwanza, hilo halikunisumbua. Kilichonisumbua ni dirisha la ofisi. Siku ya kwanza nilisema, "Nipe fomu ya ukaazi." Karani alinyanyua macho, akayashusha, akaendelea na kazi yake. Mzee aliyekuwa nyuma yangu akaninong'oneza: "Mwanangu, kwanza shikamoo, halafu naomba." Nikarudia upya. Fomu ikatoka, na kalamu ya kujazia juu.

Kuna mwenzetu ofisini kutoka ng'ambo ya Ruvuma, vyeti vyake vyote ni vya Kireno. Yeye alianza na tafsiri yenye muhuri kabla ya ofisi yoyote. Kama nawe una karatasi isiyo ya Kiingereza wala Kiswahili, fuata nyayo zake, na tafsiri yote, mpaka yale maandishi madogo ya nyuma.

Jambo moja mwajiri anaweza asikwambie: akiomba kibali chako anatakiwa kuonyesha mpango wa kurithisha, yaani ni Mtanzania gani atajifunza kazi yako mpaka aishike. Wengine huona hilo ni kuchimbiwa kaburi. Niliyepangiwa mimi ni kijana wa Newala, ametoka chuo juzi, na vekta anazieleza kwa kamba na ndoo ya kisimani mpaka nami nanakili. Kidato cha tatu nimeshamwachia. Ijumaa mimi hukaa dawati la nyuma na wanafunzi, daftari wazi, namsikiliza.