Uliza Ujibiwe: Bunduki gani ya .22 ya kujifunzia shabaha?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Naandika kutoka Columbus, Ohio, kwetu ni Kigoma, greenkadi ninayo. Wikendi wenzangu wa kazini huwa wananipeleka renji na mchezo umeniingia kweli, ila bunduki zao ni kubwa, bega linauma siku mbili na risasi zake ni hela nyingi, sasa nataka ya kwangu ya .22 ya kujifunzia na kupiga makaratasi tu, siwindi. Mmoja ananiambia chukua Ruger 10/22 hutajuta, mwingine anasema CZ ya bolti, na muuzaji dukani alinishikisha moja imefanana kabisa na ya jeshi. Nina dola 700 kwa kila kitu. Nichukue ipi?

JIBU: Marahaba ndugu yangu. Umeanza pazuri sana, na kabla sijakutajia majina ngoja niseme kwa nini .22, yaani bunduki ya tundu jembamba la karibu inchi 0.22, ndiyo darasa lenyewe, manake wengi wanaiona ni ya watoto. Kinachomharibia shabaha mtu mgeni mara nyingi si jicho, ni mwili kujikunja kabla mlio haujatoka. Bega limeshaumizwa jana, leo kidole kikigusa triga tu macho yanafumba na mtutu unashuka, na risasi inaingia chini ya karatasi. Ukijifunzia kwenye bunduki kubwa unaufundisha mwili woga huo kila unapofyatua, na kuuondoa baadaye ni kazi. .22 Long Rifle haina teke la kusema, kichwa cha risasi yake ya kawaida kina greni 40, yaani gramu 2.6 tu. Fataki yake, yaani unga unaowasha baruti, haiko katikati ya kitako cha ganda kama zile kubwa, imesambazwa ndani ya ule ukingo wa chini na pini inapiga pale pale ukingoni, ndo maana zinaitwa rimfaya. Ipo tangu 1887, inatengenezwa kwa wingi mno, na mpaka leo ndiyo risasi ya bei ya chini kuliko zote utakazoziona dukani. Na wakubwa wanaitumia: kwenye Olimpiki mashindano ya bunduki ya mita 50 yanapigwa kwa risasi hii hii, na duara la pointi 10 lina upana wa milimita 10.4, dogo kuliko sarafu yoyote uliyonayo mfukoni hapo Marekani.

Sasa uchaguzi. Nakwambia chukua ya bolti, ile unayovuta komeo kwa mkono kila risasi.

Siisemi vibaya 10/22, ni bunduki nzuri sana, ipo sokoni tangu 1964, magazini yake ya risasi 10 ya kuzunguka haisumbui na vipuri viko kila mahali. Tatizo ni kwamba inajipakia yenyewe, na mtu anayejifunza akiwa na kitu kinachojipakia kidole kinataka kuendelea tu, boksi la risasi 50 linakwisha hajui ya tatu ilienda wapi na kwa nini. Ya bolti inakulazimisha kutulia: unavuta komeo, ganda linatoka, unarudisha, unashusha pumzi, unapanga bega upya, ndipo unalenga. Hapo katikati ndipo unapojifunza, unapata muda wa kujiuliza ile iliyopita niliivuta triga kwa ghafla au niliiminya taratibu. Halafu renji ikisema simameni, bolti ikifunguliwa kila mtu anaona bunduki yako iko wazi. Hii iliyofanana na ya jeshi inaweza kuwa nzuri tu, ila umbo halikuongezei pointi kwenye karatasi, iache kwanza.

Kwa hela yako nina mbili kichwani. Savage Mark II, inatengenezwa Kanada, kwa kawaida unaipata chini ya dola 400 na triga yake ya AccuTrigger unaweza kuirekebisha mwenyewe iwe nyepesi. Ya pili ni CZ 457, inatoka Uherský Brod kule Ucheki, chuma chake na mbao zake ni za kiwango cha juu, lakini mara nyingi inavuka dola 500 na utabaki na hela ya kubana. Tikka T1x ya Finland ni tamu kweli ila ukiinunua utakaa unaiangalia huna skopu (darubini ya kulengea) wala risasi. Mimi ningekuwa wewe ningechukua Savage na kiasi kilichobaki ningekitia kwenye skopu na risasi, isipokuwa ukikuta CZ iliyotumika kidogo kwa bei ya kueleweka, hiyo usiiache.

Lakini kabla hujatoa hela, ishike. Kuna kipimo ambacho watu wanakipuuza, ule urefu kutoka kwenye triga mpaka mwisho wa kitako. Kikiwa kirefu kuliko mkono wako utakuwa unanyoosha shingo kuifuata skopu, kikiwa kifupi kidole gumba kinakaribia kukupiga pua. Mwombe muuzaji mhakikishe wote wawili kwamba haina kitu, ielekeze sehemu salama anayokuonyesha, fumba macho, iweke begani unavyoona raha, weka shavu, halafu fumbua. Ukiona picha nzima ndani ya skopu bila kuhangaisha kichwa, hiyo ni saizi yako. Ukiona kivuli cheusi pembeni, jaribu nyingine, haijalishi rafiki yako anaisifia vipi. Kingine, usianze kufyatua tupu dukani bila kuuliza, bunduki nyingi za rimfaya pini inaweza kugonga ukingo wa chemba, pale risasi inapokaa, na kuuharibu, kuna zinazoruhusu na kitabu chake kitasema.

Skopu, nunua iliyoandikwa ni ya rimfaya. Za bunduki kubwa nyingi zimewekwa sawa kwa yadi 100 na kuendelea, sasa ukiitumia kwa yadi 25 au 50 ukisogeza kichwa kidogo tu msalaba unahama kwenye shabaha hata kama bunduki imetulia. Za rimfaya zimewekwa kwa yadi 50 au 60 hivi. Ukuzaji mdogo unatosha kabisa, mara 9 juu kabisa.

Risasi ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo wengi wanairuka. Kila mtutu wa .22 una chaguo lake. Bunduki mbili za modeli moja, kiwanda kimoja, moja inaweza kupiga tundu moja kwa risasi za CCI Standard na nyingine ikasambaza, kisha ukaipa risasi za SK au Eley ikatulia. Hakuna atakayekwambia kabla, lazima ujaribu mwenyewe. Nunua boksi moja moja za aina nne tano tofauti, kaa kwenye meza, weka bunduki juu ya mfuko wa mchanga, piga makundi ya risasi tano tano kwa yadi 50, kila aina ukiibadilisha zile chache za kwanza usizihesabu manake mtutu unazoea mafuta ya risasi mpya, halafu pima upana wa kila kundi. Itakayoshinda, rudi ununue ya kutosha.

Na usivutwe na maandishi ya kasi kubwa kwenye boksi. Risasi ya kasi kubwa inatoka kwa futi 1,250 hivi kwa sekunde, inavuka mwendo wa sauti, halafu ikiwa njiani inarudi chini ya mwendo huo na pale inapokatiza inayumbishwa. Ya kawaida inatoka kwa futi 1,070 hivi, iko chini ya mwendo wa sauti tangu mwanzo. Watu hawaamini nikiwaambia, lakini ile ya haraka upepo wa pembeni unaisukuma zaidi kuliko ya polepole, kwa sababu inapoteza mwendo kwa nguvu sana mwanzoni. Kwa karatasi chukua ya kawaida. Ilenge iwe sawa kwa yadi 50, na ujue kwamba ukihamia yadi 100 itashuka inchi 6 au 7 hivi, hiyo si bunduki mbovu, ndiyo njia yake.

Upande wa sheria, wewe una greenkadi kwa hiyo dukani utajaza fomu 4473, ile ya shirikisho ya mnunuzi wa bunduki, na watakuchunguza kama watu wote. Jaza ukweli mtupu. Fomu inauliza pia habari ya bangi, na hata kama jimbo limeiruhusu sheria ya shirikisho ni nyingine. Na tafadhali sana, usimnunulie binamu aliye na viza ya masomo, wala usimwambie nikununulie halafu unirudishie hela. Hilo ni kosa zito la jinai na linaweza kuondoka na greenkadi yako.

Mwisho kwako: risasi hii ndogo inasafiri zaidi ya maili moja, kwa hiyo nyuma ya shabaha lazima kuwe na ukuta wa udongo. Macho na masikio yavikwe kinga. Ikigoma kulia, shikilia imeelekea kwenye shabaha sekunde 30 kabla ya kufungua. Ikilia kwa sauti ya unyonge, acha, usipige nyingine mpaka umeangalia mtutu hauna kitu kilichokwama. Ukimaliza nawa mikono na sabuni na maji baridi kabla ya kula au kumbeba mtoto, hii ni madini ya risasi na moshi wake.

SWALI: Habari mwalimu, mimi ni mama wa Minneapolis. Kijana wangu ana miaka 11 anataka kujifunza shabaha, baba yake anataka kumnunulia ya kwake. Mimi nina wasiwasi.

JIBU: Salama mama, na wasiwasi wako ni wa haki, usimwachie mtu akuondolee kwa maneno. Msinunue bado. Tafuteni kwanza klabu ya vijana, mpango wa 4-H una shabaha sehemu nyingi, na zipo klabu zinazofuata utaratibu wa Civilian Marksmanship Program, yaani mpango wa shabaha wa raia. Mara nyingi wana bunduki zao, wanaanza na za upepo kwa mita 10, na mtoto anafundishwa kanuni kabla hajagusa chochote. Kaa pale nyuma uangalie wanavyosimamia, ukiona mkufunzi anacheka mtoto akigeuza mtutu, mchukue mwanao muondoke.

Akivumilia msimu mzima na bado anataka, ndipo baba atafute ya risasi moja moja iliyo fupi ya watoto, Savage Rascal kwa mfano. Msimpe ya mtu mzima akue nayo, atainama nyuma kuubeba uzito na tabia hiyo itabaki. Muangalieni pia jicho lake lenye nguvu: anyooshe mikono, atengeneze tundu kwa viganja, aangalie kitu cha mbali, afumbe jicho moja moja. Linalobaki linakiona ndilo hilo, na bunduki ikae bega la upande huo hata kama anaandika kwa mkono mwingine. Nyumbani ikae kwenye kabati la chuma, risasi mahali pengine zimefungwa, na funguo iwe na nyinyi wawili tu.

SWALI: Bro, Desemba naenda likizo Mombasa, naweza kubeba .22 yangu kwenye mizigo nikawafundishe vijana wa nyumbani?

JIBU: Usibebe. Kwamba ni halali yako Texas au Ohio haina uzito wowote ukitua Moi International, Kenya leseni inatoka Firearms Licensing Board, na bila karatasi zao unakamatwa na kushtakiwa, si kunyang'anywa tu. Iache imefungwa, na funguo usimwachie mtu ambaye mwenyewe haruhusiwi kumiliki. Vijana wakikuuliza, wafundishe kushika pumzi na kuminya triga kwa maneno, wakitaka zaidi waulize klabu yenye kibali huko huko.