BGP imesimama, lakini Lamu haionekani

Nina mteja mwenye duka la jumla hapa Malindi, ghala Mambrui na tawi Lamu mjini, kule ambako mzigo hufika dukani kwa mgongo wa punda. Sehemu zote tatu zimeungwa kwa VPN ya MPLS, yaani mtandao wetu wa faragha unaopita ndani ya mtandao wa mtoa huduma mmoja: ruta yetu ya ukingoni inazungumza na ruta yake ya ukingoni, naye anazibeba njia zetu, yaani habari za anwani zilizoko kila tawi, hadi upande wa pili.

Siku ya kuunga Lamu nilivuka kutoka Mokowe, nikaandika BGP, itifaki ambayo ruta hupashana njia kwayo, na jirani, yaani ruta ya mtoa huduma, akasimama. Nikampigia mzee mwenye duka simu kwamba kazi imekwisha. Nimesharudi jeti ya Mokowe nangoja gari, simu ikalia: kompyuta za Lamu hazifungui mfumo wa stoo ulioko Malindi.

Nikavuka tena. Jirani kusimama ni ruta mbili kukubaliana kuzungumza tu. Kama njia zimepita au la, hiyo ni habari nyingine, nayo iko kwenye safu ya mwisho ya muhtasari wa majirani, penye idadi ya njia zilizopokewa. Yangu ilikuwa sifuri, na mimi sikuwa nimeitazama.

Chanzo kilikuwa namba ya AS, ile inayoutambulisha mtandao katika BGP. Malindi nilikuwa nimeipa 65010, na Lamu nikaipa hiyohiyo kwa kuona ni kampuni moja. BGP hujikinga na mzunguko: ikikuta namba yake yenyewe katika orodha ya AS ambazo njia imepitia, inaitupa njia hiyo, tena kimya. Njia ya Malindi ilifika Lamu na 65010 ndani yake, ruta ya Lamu ikadhani ni njia yake imerudi. Na kama ruta ya mtoa huduma ni ya Juniper, kwa kawaida haikutumii kabisa njia ya namna hiyo, kwa hiyo usipoteze mchana mzima ukiitafuta upande wako.

Dawa ziko tatu. Mtoa huduma anaweza kuweka as-override, ruta yake ikabadilisha namba yako kwa namba yake kabla ya kukutumia njia. Wewe unaweza kuweka allowas-in, ruta yako ikubali kuiona namba yake. Au kila tawi lipewe namba yake tangu mwanzo, na hili ndilo ninalolipendelea, maana kinga ya mzunguko inabaki nzima. Namba za binafsi ni 64512 hadi 65534, haziwezi kukuishia. Ukilazimika kutumia as-override na tawi lina laini mbili, mwombe mtoa huduma aweke na alama ya SoO, inayoonyesha njia imetoka tawi gani, la sivyo njia za tawi zinaweza kutokea mlango huu na kuingia mlango ule.

Ghala la Mambrui lina laini moja na mtandao mmoja. Pale sikuweka BGP. Njia zilizoandikwa kwa mkono zinatosha. Ila mtoa huduma naye aziandike kwake kwenye VRF yako, yaani jedwali la njia zako peke yako ndani ya ruta yake, kisha aziingize kwenye BGP yake. Akisahau hilo la pili, matawi mengine hayatajua kama Mambrui ipo. Mkumbushe kwa maandishi.

Jambo jingine ni ping, kipimo cha kuona kama anwani ya mbali inajibu. Ukipiga kutoka kwenye ruta bila kutaja chanzo, inatoka na anwani ya kile kiungo kidogo cha /30 (chenye anwani mbili tu za kutumia) kati yako na mtoa huduma, ambayo huenda tawi la mbali halina njia ya kuirudia. Utaona imekufa, kumbe mtandao ni mzima. Taja anwani ya ndani ya tawi iwe chanzo.

Tangu siku ile sipandi boti ya kurudi kabla kijana wa kaunta hajafungua mfumo na kutoa risiti moja, mimi nikiwa nimesimama pale pale.