Niliwaita watu «vilema», nami mwenyewe nachechemea

Jumamosi iliyopita nilikuwa mshereheshaji kwenye hafla moja mtaa wa Tononoka, Mombasa. Nikatangaza kwa mbwembwe: «Vilema wapewe viti vya mbele!» Dada mmoja mwenye kiti cha magurudumu akanijibu taratibu, «Kaka, hiyo vi- yako viachie viti.» Ukumbi mzima ulicheka. Mimi jasho.

Kilichoniuma zaidi ni kuwa nimezaliwa na mguu uliopinda. Utotoni Likoni nimeitwa kiwete hadi nikazoea. Nyanya ndiye aliyekuwa akiwakemea watoto wenzangu: «Mcheka kilema hafi bila kumfika.» Kinywani mwake neno hilo lilikuwa ngao, nami nikadhani nina kibali cha kulitumia nitakavyo.

Usiku ule nikalichimba. Kilema lina shina moja na kulemaa, na kulemaa kulikuwa na l nyingine katikati: Waganda husema okulemala, na mtu ni omulema. Kwetu l hiyo imetuponyoka, kama ilivyotuponyoka katika njaa, ambayo Wagiriama wangali wanaiita ndzala. Mlemavu naye ni wa tumbo hilohilo. Ameongezewa -vu tu, kama chakaa ilivyozaa chakavu. (Kilemba hakimo humu, jamani. Kuna aliyewahi kunibishia hilo barazani hadi adhana ya alasiri.)

Kwa hiyo shina halina kosa. Maneno yanaachana mwanzoni: m- ya mtu, na ki- ya kitu tuliyowavika kipofu, kiziwi, kiwete, kibogoyo. Najua mtaniambia kijana na kiongozi pia wana ki-. Sawa, lakini ni nani amewahi kumzomea mtoto njiani, «Kiongozi huyoo!»?

Basi nyinyi mnaotamani kushika vipaza sauti kama mimi, nisikilizeni. Kilema ni kitu mtu alicho nacho, si jina lake. Sema mtu mwenye ulemavu. Katiba yetu ya Kenya ya 2010, kifungu cha 54, imempa haki ya kutajwa bila kudhalilishwa, nasi twaropoka tu kwa kuwa tumelelewa na neno! Uliza kwanza. Hata kama ni ndugu yako, uliza.

Yule dada nilimfuata mlangoni kumtaka radhi, nikamwonyesha na mguu wangu, nikitaraji atalegea. Akautazama.

«Huo ni wako,» akasema. «Mie hukuniuliza.»