Watu sita, elfu kumi kwa siku: anzia kwenye sufuria ya maharage

Dada uliyeuliza utawalishaje watu sita hapa Dar kwa elfu kumi kwa siku, na watoto wameshachoka ugali na maharage: hela hiyo ni ndogo, lakini watu wanaweza kula wakashiba na wakafurahia. Cha kwanza ni kuacha kununua kwa kupima. Mafuta ya kupima, sukari ya kifuko, mkaa wa kopo, ukijumlisha kwa wiki utakuta umelipa zaidi ya aliyenunua lita, kilo na gunia. Kama hela inaingia kwa siku, weka elfu mbili pembeni kila siku, na siku ya tano nunua kitu kimoja kwa wingi. Wiki hii mafuta lita moja, ijayo maharage. Ukipata majirani wawili wa kuaminika, nunueni debe la maharage mgawane kwa mizani.

Mafuta yapime kwa kijiko, usimimine kutoka kwenye chupa. Vijiko vinne vya chakula kwa siku vinatosha mapishi yote ya kawaida, na lita moja itakupeleka siku kama 16.

Sasa maharage, maana hapo ndipo pa kuokoa hela nyingi, ya chakula na ya mkaa. Pika kilo nzima kwa mkupuo. Kilo moja kavu ikiiva inatoa kama kilo mbili na nusu. Chagua mawe, osha, loweka jioni kwa maji mara tatu ya maharage, asubuhi mwaga maji hayo. Weka maji mapya, chemsha kwa moto mkali nusu saa ukiwa umefunika. Usipike kwa moto mdogo tangu mwanzo, hasa yale mekundu: yana sumu ya asili inayohitaji mchemko wa nguvu, na yakiwa nusu mabichi yanatapisha. Baada ya nusu saa ipua, usifunue, tia sufuria kwenye kapu lililotandikwa blanketi la zamani, funika juu kwa nguo nzito, acha saa mbili au tatu. Yanamalizikia kuiva kwa joto lake mwenyewe. Sufuria iwe imejaa angalau theluthi mbili, kwa sababu chakula kidogo hupoa haraka na hakiivi. Kabla ya kula rudisha jikoni yachemke tena dakika kumi.

Yakikataa kuiva, sababu ni mbili tu mara nyingi. Ama ni maharage ya msimu wa nyuma yaliyokaa ghalani, ama umetia nyanya au ndimu mapema. Uchachu hukaza ganda, kwa hiyo nyanya ingie yakiwa yameshalainika. Magadi yanaharakisha kweli, ila yanaharibu vitamini na kuacha ladha ya sabuni. Kama umeloweka huyahitaji.

Kilo hiyo igawe kabla ya kuunga. Nusu unga kwa nazi jioni ya kwanza: tui jepesi lichemke na kitunguu, karoti na maharage, tui zito liingie mwisho, ukoroge taratibu mpaka litokote, uipue. Robo iende kwenye makande ya kesho mchana. Hapa wengi huchemsha mahindi na maharage pamoja, maharage yanavurugika mahindi yakiwa bado magumu. Loweka nusu kilo ya mahindi yaliyokobolewa usiku kucha, yapike peke yake mpaka yapasuke, ndipo utie maharage yaliyoiva. Robo ya mwisho iponde na viazi vitatu vya kuchemsha, kitunguu, pilipili hoho na chumvi, finyanga katlesi, kaanga kwa mafuta kidogo kwenye kikaango kipana. Mtoto aliyegoma kula maharage jana atazila hizo na kuomba nyingine.

Kama huna friji, sehemu ya kesho isiguswe na kitunguu, nyanya wala nazi. Nazi ndiyo inayochacha upesi kuliko vyote. Sufuria ipoze haraka ndani ya beseni la maji, chota kwa kijiko safi, na yachemshwe sawasawa asubuhi na jioni. Siku ya pili jioni yawe yameisha. Wali wa kiporo uwe mwangalifu nao zaidi: ukikaa kwenye uvuguvugu kutwa nzima unaharibu tumbo hata ukiupasha.

Dagaa wa Mwanza, robo kilo inatosha watu sita. Toa vichwa, loweka kwenye maji ya moto dakika tano, kisha wapandishe kwa mikono kwenda beseni jingine. Usimwage maji ukiwakinga dagaa kwa kiganja, kwa sababu mchanga umetuama chini na utawarudia. Rudia mpaka chini ya beseni pawe safi. Wakaushe, wakaange mpaka walie kwenye kikaango, ndipo kitunguu na nyanya. Kamulia ndimu mezani, inausaidia mwili kupata madini ya chuma ya kwenye maharage na mboga. Chai ya rangi isubiri saa moja baada ya chakula.

Nyanya nunua masalo, zile zilizoanza kupondeka, jioni, kata palipooza, chemsha zote zikauke ziwe rojo, utumie siku mbili. Unga wa dona unashibisha kuliko sembe, lakini kiini kina mafuta, hivyo saga wa wiki mbili tu. Mahindi au karanga zenye ukungu tupa, hata kama inauma: kupika hakuondoi sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Kwa sababu hiyo hiyo usisage karanga pamoja na unga wa uji, zitwange siku ya kupika.

Kuhusu watoto, naomba jambo moja kwa dhati. Usiwaambie "leo hakuna kitu, ni maharage tu." Wanajifunza kudharau kutoka kwetu. Pakua kwenye sinia, mshukuruni Mungu na aliyepika, na kila siku mmoja wao achague: nazi au karanga, mchicha au matembele. Akichagua mwenyewe anakula.

Hujasema unapikia mkaa au gesi, na kama mnapata maji ya bomba au ya kununua kwa ndoo. Ukiniambia nitakupangia wiki nzima, siku kwa siku, kwa vipimo.